Kupanga nyumba ndani: ilianzaje kuwa taaluma? Jibu kwa mpambaji wa Ngamiani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpambaji wa kumbi za harusi hapa Tanga, naishi Ngamiani. Siku hizi watu wananiita niwapangie na nyumba zao: rangi, mapazia, makochi, taa. Kuna mzee anajenga nyumba ya wageni ya vyumba vinane Raskazoni, anataka nimfanyie ndani yote. Ila anasema hanilipi ada, changu nitakipata kwa wenye maduka. Baba naye ananiambia hiyo si kazi, ni ya fundi na mwenye nyumba, sisi tumeiona tu kwenye simu. Nataka kujua: kazi hii ilianza lini, nani aliifanya ikawa taaluma, na mtu kama mimi niko wapi humo? Na je, naruhusiwa kuandika 'msanifu wa ndani' kwenye kadi yangu?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mengi lakini yote yanakutana kwenye yale maneno ya mzee wa Raskazoni, kwamba chako utakipata kwa wenye maduka. Mzee hajakukosea adabu, wala hajabuni jambo jipya. Hivyo ndivyo walivyoishi waliopanga nyumba za watu London, Paris na New York kwa zaidi ya miaka mia mbili. Walikula cha juu. Kazi yetu ikawa taaluma polepole, kadiri watu walivyoanza kulipwa kwa kufikiri kwao badala ya mali waliyouza, na kadiri walivyokubali kuulizwa jambo likiharibika. Nitakupitisha humo, halafu tutarudi Raskazoni.

Kwanza tumpe baba yako haki yake. Katika nyumba za mawe za pwani hii, hakuna aliyeitwa kuja kupanga ndani. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Mti wa mkoko hubeba dari la mawe na chokaa kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, basi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, alizijua fundi chokaa. Mgeni aishie dakani, pale mlangoni, au afike ukumbini, wanawake wakae wapi, hayo mila ilishayamaliza. Ukienda Tongoni, hapo kusini ya mji, utaona kwenye nguzo za makaburi mashimo ya mviringo palipobandikwa sahani na mabakuli ya ng'ambo. Watu walipamba, na walipamba kwa ufundi mkubwa. Lakini fundi na mwenye nyumba walielewana kwa maneno machache kwa sababu wote wawili walizaliwa katika nyumba ya aina ile ile.

Mtu wa tatu huhitajika pale watu wanapoanza kujenga majengo ambayo hakuna aliyekulia ndani yake. Hoteli, benki, ofisi ya ghorofa, hospitali, hata hii sebule ya kisasa yenye jiko lililo wazi. Fundi wako hajawahi kulala kwenye hoteli ya vyumba vinane, na mzee wako pengine amelala mara chache. Nani anajua mlango wa bafu ufungukie wapi? Hapo ndipo kazi yetu inapozaliwa, na ndivyo ilivyozaliwa Ulaya vilevile.

London ya karne ya 17 na 18 mambo ya ndani yalikuwa mikononi mwa watu wa vitambaa. Walikuwa na chama chao cha mafundi kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1626. Walianza kwa kushona magodoro, kuvisha viti na kutundika mapazia ya vitanda. Tajiri alipotaka nyumba nzima itandikwe, yeye wa vitambaa ndiye aliyekwenda kumtafuta seremala, mtu wa vioo, mtu wa mazulia, akakusanya vyote na kuleta hesabu moja. Mpaka misiba waliibeba, wakitundika vitambaa vyeusi nyumbani kwa marehemu na kukodisha vifaa vya mazishi. Nakutajia hilo kwa makusudi. Wewe uliyeanza na vitambaa vya harusi umeingia kwa mlango ule ule.

Paris kulikuwa na wafanyabiashara walioruhusiwa na sheria za vyama kuuza karibu kila kitu lakini wasitengeneze chochote. Kamusi elezo kubwa ya Mfaransa Diderot, ya karne ya 18, iliwaeleza kuwa ni wauzaji wa vyote na watengenezaji wa si kitu. Ilikuwa kejeli, lakini tuwe waadilifu: hao ndio waliochukua bakuli la kaure kutoka China, wakampelekea fundi shaba alizungushie ukingo wa dhahabu, wakamuuzia mtu wa ukoo wa kifalme kama kitu kipya kabisa. Kuchagua na kuunganisha ilikuwa ndiyo kazi yao. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewalipa kwa kuchagua. Malipo yalikuwa yamefichwa ndani ya bei ya bakuli.

Upande wa pili walikuwa wasanifu majengo. Robert Adam, Mskoti aliyezaliwa 1728, alichora nyumba za matajiri wa Uingereza mpaka vitasa vya milango. Kwenye jumba la Osterley, pembezoni mwa London, kuna sebule ambayo zulia lake limechorwa liitikie dari: unachokiona juu kinakujibu chini ya miguu. Adam aliuza michoro. Lakini mtu kama Adam alimfaa mwenye mashamba na urithi, si mwenye duka la viatu. Watu wa kawaida wenye uwezo kidogo waliendelea kumtegemea mwenye duka la samani, na karne ya 19 viwanda vilipoanza kumwaga bidhaa, maduka hayo yakawa makubwa kupindukia. Yalikuwa na chumba cha mfano dirishani, na "ushauri wa bure".

Ushauri wa bure, mwanangu, hulipwa na anayeshauriwa. Chukua sakafu ya Raskazoni. Karibu na bahari, watu wanaotoka kuogelea na mchanga miguuni, pengine saruji iliyosuguliwa vizuri na kutiwa rangi ndiyo ingefaa, na kipande cha zulia la mkonge kando ya kitanda. Ni rahisi, haitelezi sana, na mkonge uko nyumbani kwake hapa Tanga tangu Mjerumani Hindorf alipouleta mwaka 1893. Lakini kama riziki yako inatoka kwa muuza marumaru, ulimi wako utakuwa mzito kusema hivyo. Si kwamba wewe ni mwizi. Ni kwamba umewekwa mahali ambapo ukimshauri mteja vizuri unalala njaa.

Wa kwanza kuifungua kazi hii kwa wanawake Uingereza walikuwa binamu wawili, Agnes na Rhoda Garrett. Katikati ya miaka ya 1870 walifungua ofisi yao ya mapambo ya nyumba London. Kabla ya hapo walifanya jambo ambalo nataka ulishike: waliingia uanagenzi katika ofisi ya msanifu majengo, J. M. Brydon, wakajifunza kupima, kuchora na kusimamia mafundi. Wanawake kupanda ngazi za mbao kwenye nyumba inayojengwa lilikuwa jambo la watu kunong'ona. Dada yake Agnes, Elizabeth, ndiye aliyepigania kuingia udaktari akafanikiwa, na mwingine, Millicent, akawa kiongozi wa madai ya kura kwa wanawake. Nyumba hiyo haikuwa na masihara. Kwao kupanga vyumba ilikuwa sehemu ya vita ile ile ya mwanamke kuwa na kazi yenye jina.

Marekani alikuwako Candace Wheeler, naye wa nyuzi na vitambaa. Mwaka 1877 alianzisha New York jumuiya ya kuwasaidia wanawake wauze kazi zao za mikono. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeacha wajane na mabinti wengi wasio na kipato. Akafanya kazi na msanii wa vioo Louis Comfort Tiffany, wakapamba nyumba ya mwandishi Mark Twain kule Hartford, na mwaka 1895 akaandika makala ya kueleza kuwa kupanga nyumba ndani ni taaluma inayoweza kubebwa na wanawake. Alisisitiza mafunzo. Jicho zuri la kuzaliwa nalo, kwa maoni yake, halikutosha kumfanya mtu alipwe.

Halafu akaja Elsie de Wolfe, ambaye ukisoma popote utaambiwa ndiye mama wa kazi hii. Mimi nadhani wanamzidishia, kwa kuwa umeona waliomtangulia. Alichofanya ni kuwafanya watu waitambue kazi. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, akapewa kupanga ndani ya klabu ya wanawake ya Colony, New York, jengo la msanifu Stanford White lililofunguliwa mwaka 1907. Nyumba za matajiri enzi hizo zilikuwa za giza: mahameli mekundu, mapazia mazito, vikorokoro kila meza. Yeye akatia rangi nyepesi, vitambaa vya pamba vya maua, chumba kimoja akakizungushia fito za mbao kama bustani. Watu wakashtuka, kisha wakataka na wao. Baadaye tajiri wa chuma, Henry Clay Frick, akampa vyumba vya juu vya jumba lake la Fifth Avenue. Lakini angalia namna alivyolipwa: kwa asilimia ya thamani ya vitu alivyomnunulia. Umaarufu wote ule, na bado mkono ulikuwa kwenye bei ya kiti.

Shule zikaanza. Mwaka 1916 ikafunguliwa New York shule mahsusi ya usanifu wa ndani, na ingali hai hadi leo. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wapambaji wakakutana na kuunda chama chao cha kitaifa. Walikutania wapi? Grand Rapids, Michigan, mji wa viwanda vya samani, kwenye maonyesho ya samani. Waliotaka kujitenga na wauza viti walizindua chama chao nyumbani kwa watengeneza viti! Chama kikagawanyika mwaka 1957, kikaunganishwa tena 1975, na mengi ya magomvi ya katikati yalihusu nani anastahili kuingia na kwa kipimo gani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwako wewe ni kubwa kuliko majina yote hayo. Tarehe 28 Novemba 1942, Boston, kwenye ukumbi wa starehe ulioitwa Cocoanut Grove. Ulipambwa ufanane na kisiwa cha joto: mitende bandia, na kwenye baa ya chini dari lote limefunikwa kitambaa. Usiku ule walikuwemo watu karibu 1,000, mara mbili ya waliotakiwa. Moto ulianzia chini, kwenye mitende ile, ukashika kitambaa cha dari, ukapanda ngazi na kusambaa ukumbi mzima kwa dakika chache. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa miili. Mlango mwingine ulifunguka kwa ndani, watu walipousukuma ukazidi kujifunga. Mingine ilikuwa imekomewa. Walikufa watu 492.

Soma tena vile vitu: kitambaa, mapambo, upande mlango unakofungukia, idadi ya watu. Hakuna hata kimoja kilichohusu nguvu ya nguzo au uimara wa msingi. Vyote vilikuwa mambo ya ndani. Baada ya msiba ule sheria zikabadilishwa sehemu nyingi za Marekani: mapambo yasiyoshika moto kirahisi, milango ya kufungukia nje, alama za kutokea zinazowaka hata umeme ukikatika, na mlango wa kuzunguka uwe na milango ya kawaida pembeni.

Nimeingia kumbi za hapa mjini. Vitambaa vimefungwa kutoka katikati ya dari hadi kuta zote, vimulimuli vimepitishwa ndani yake kwa waya mwembamba uliounganishwa kwa kusokota, na lile pazia kubwa nyuma ya maharusi limefunika mlango wa nyuma. Watoto wanalala kwenye viti. Sikutuhumu wewe, kazi yako sijaiona. Lakini siku utakapokuwa mtu anayeingia ukumbini na kuhesabu milango kabla ya kufungua marobota ya vitambaa, na kumwambia mama wa bibi harusi kwamba pale pazia haliwekwi, hata akinuna, siku hiyo unafanya kazi ya kitaaluma. Mweleze baba yako hivyo. Hatasema tena ni mambo ya kwenye simu.

Kabla hata Wamarekani hawajaunda chama chao, Wajerumani walikuwa wanapima jiko. Mwaka 1926 mjini Frankfurt, Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wasanifu majengo wanawake wa mwanzo Austria, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi: mita 1.9 kwa 3.4. Alipima kwa saa muda anaotumia mama kutoka kwenye sinki hadi kwenye moto, akajifunza kutoka majiko madogo ya mabehewa ya treni, akapanga kila kitu kifikiwe bila kuzunguka. Yalijengwa majiko takriban 10,000. Hapa hakuna pazia, hakuna kiti cha kale, hakuna cha juu. Kuna mwili wa mtu na muda wake. Mpaka leo kabati za jiko unazoziona kwenye maduka ya fanicha hapa Tanga zina ujukuu na jiko lile.

Na dunia ni ndogo. Aliyekuwa mkuu wa mpango ule wa nyumba za Frankfurt, Ernst May, alikuja Tanganyika mwaka 1934, siasa za kwao zilipomfungia mlango, akawa mkulima upande wa Arusha kabla ya kurudia usanifu Nairobi na Kampala. Jengo la ushirika wa kahawa la KNCU pale Moshi ni kazi yake. Ukipita Moshi, lisimamie ulitazame.

Baada ya Vita vya Pili kazi ilihamia maofisini, na hapo ndipo fedha kubwa ilipoingia. Florence Knoll, msanifu majengo kwa elimu, aliongoza katika kampuni ya samani ya mumewe kitengo kilichopanga ofisi za makampuni makubwa, likiwemo jengo la kampuni ya utangazaji ya CBS, New York. Alikuwa akihoji kwanza: nani anakaa na nani, karatasi zinapita wapi, bosi anapokea wageni wangapi. Alikataa katakata kuitwa mpambaji. Kuna mbinu yake moja uichukue leo hii: alichora ramani ya chumba, kisha akabandika juu yake vipande halisi vya kitambaa na mbao, kila kipande mahali pake, ili mteja aone kwa jicho na kugusa kwa mkono. Wewe una vipande vya vitambaa tele. Chora chumba kimoja cha Raskazoni kwa kipimo cha 1 kwa 20, yaani sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 20 za chumba, bandika kitambaa cha pazia dirishani, kipande cha mtiki wa shamba la Longuza kwenye kitanda, tone la rangi ya ukuta. Mzee akiishika karatasi hiyo atajua kwamba kuna kitu cha kulipia kabla hajanunua hata msumari.

Mwisho wa historia ni mitihani na sheria, nayo nitaipita haraka. Mwaka 1963 vyama vya nchi mbalimbali viliunda shirikisho lao la kimataifa. Mwaka 1974 Marekani ilipata chombo cha kutahini wasanifu wa ndani, maswali yakiwa ya moto, njia za kutokea, vifaa, michoro. Mwaka 1982 jimbo la Alabama likawa la kwanza kulinda jina la kazi hii kisheria. Ubishi haujaisha: wapo wanaosema leseni zinalinda usalama wa watu, wapo wanaosema zinawafungia mlango wadogo wasiokuwa na ada ya chuo, na mahakama ya juu kabisa ya Alabama hiyo hiyo ilikuja kuifuta sheria ya baadaye iliyozuia wasiosajiliwa kufanya kazi. Mimi niko upande wa usajili kwa majengo ya umma. Kwa sebule ya jirani yako, kila mtu na apange anavyojua.

Kwetu, Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam kinafundisha shahada ya usanifu wa ndani, na masuala ya usajili yako chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa sheria ya mwaka 2010. Kwa hiyo kuhusu kadi yako: usiandike "msanifu" kabla hujawauliza bodi kwa maandishi unaruhusiwa kwa daraja gani. Andika "mpambaji na mpangaji wa mambo ya ndani". Ni jina la halali na halikupunguzii kitu. Kama una vyeti vya kidato cha sita, ulizia masharti ya kujiunga na Ardhi. Kama huna, fanya kama akina Garrett: tafuta ofisi ya mbunifu majengo hapa mjini, omba kukaa nao, hata siku mbili kwa wiki, ujifunze kusoma ramani na kuchora kwa kipimo. Uzoefu wako wa kusimamia vijana kumi usiku wa kuamkia harusi ni mali ambayo wahitimu wengi hawana. Unachokosa ni karatasi, penseli na kanuni.

Sasa mzee. Usigombane naye. Mpelekee barua ya ukurasa mmoja yenye hatua tatu, kila hatua na bei yake kamili, si asilimia. Ya kwanza ni kupima jengo na kukubaliana matumizi: wageni wa aina gani, wangapi kwa chumba, kifungua kinywa wapi, mashuka yanafuliwa wapi. Ya pili ni michoro na orodha ya vifaa, kila kifaa kimeandikwa aina, kipimo, idadi na maduka walau mawili kinakopatikana. Ya tatu ni kusimamia mafundi, kwa wiki. Alipe theluthi mnapotia saini, theluthi akipokea michoro, iliyobaki mafundi wakimaliza. Na uandike sentensi hii kwa herufi zinazosomeka: vitu vyote vya madukani utanunua kwa risiti ya jina lake, na punguzo lolote utakalopewa ni lake. Akikuuliza kwa nini akulipe wewe wakati maduka yangekulipa, mwonyeshe hesabu ya sakafu, saruji kwa marumaru, vyumba vinane. Atafahamu mwenyewe nani alikuwa analipa siku zote.

Kabla ya bei, nenda ukapime. Chukua futikamba na mtu wa kukushikia. Pima kila chumba, kila dirisha, urefu wa kizingiti kutoka sakafuni, mahali pa kila swichi na soketi, na upande kila mlango unakofungukia. Andika madirisha yapi yanapokea kaskazi na yapi kusi, maana mgeni wa Januari na wa Julai hawataki hewa kutoka upande mmoja. Bawaba na vitasa vya chuma cha kawaida vitaota kutu Raskazoni mapema, pendekeza shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu tangu sasa. Mtafute mtu wa Zimamoto na Uokoaji aje aone jengo kabla jipsamu haijafungwa, si baada. Na kama ngazi ni moja tu na mlango wa nje ni mmoja, mwambie mzee kabla hujazungumza rangi. Akikataa kuongeza njia ya pili ya kutokea, mimi ningeiacha kazi hiyo.

Ukishapima, nitumie michoro kwa anwani hii hii, nitaipitia na kukurudishia na maoni pembeni.